Sugu ya Sijda: Historia ya Alama ya Paji la Uso

  

Tuliulizwa na waumini wa Mwandoya, wilaya ya Meatu, mkoani Simiyu, swali ambalo katika miji mikubwa huulizwa kwa mzaha, lakini wao walikuwa nalo katika jambo zito. Walitaka kumweka imamu wa kudumu, na mbele yao walikuwapo watu wawili. Wa kwanza ni mtu mzima, anayeijua Qur'ani na fiq-hi ya sala kuliko mwenziwe, ila paji lake la uso halina alama yoyote. Wa pili ni kijana, elimu yake bado changa, lakini ana doa jeusi katikati ya paji, lile ambalo watu wa pwani huliita sijida na wengine sigida. Baadhi ya jamaa wakasema kuwa huyu wa pili keshashuhudiwa na Qur'ani yenyewe, na hoja yao ni aya ya mwisho ya Suratul Fat-h, aya ya 29, inayowataja wale walio pamoja na Mtume (s.a.w.) kuwa alama zao zi katika nyuso zao kutokana na athari ya kusujudu. Waumini wa pale ni wachache kati ya majirani wengi wasio Waislamu. Jamaa ndogo namna hiyo ikigawanyika kwa jambo la imamu, huchukua miaka kuungana tena.

Hukumu ya suala lao ni fupi na tutaitaja mahali pake. Linalohitaji maelezo ni hii alama yenyewe, kwani ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani, na waliopita kabla yetu walikwisha kuibishania.

Kwanza tujue sugu ni nini. Ngozi ikisuguliwa au kugandamizwa mahali pamoja mara nyingi, hasa penye mfupa chini yake, hujilinda kwa kuwa nene. Pamoja na unene huo, chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi huzidisha kazi, na mahali hapo huwa peusi. Ngozi zetu sisi watu weusi hufanya hivyo upesi zaidi kuliko ngozi nyeupe. Mwaka 2002 madaktari wa Saudi Arabia walichapisha uchunguzi wao juu ya alama za wenye kusali. Walizikuta kwenye paji, magoti, vifundo vya miguu na juu ya nyayo, nao wakaeleza kuwa ni ngozi iliyoota unene na weusi. Wenzao wa Japani, katika miaka ya 1980, walikwisha kuandika habari za watu waliopata weusi mabegani na mgongoni kwa kujisugua kila siku na taulo za nailoni wakati wa kuoga. Wapiga fidla wa Ulaya wana doa lao chini ya taya. Na pale Mwandoya kwenyewe, nani asiyeijua shingo ya ng'ombe wa plau iliyoota sugu ya nira, au kiganja cha mkulima wa pamba aliyeshika mpini wa jembe tangu utotoni?

Basi mwenye kusali faraidha tu husujudu mara 34 kwa siku, kwa kuwa rakaa ni 17 na kila rakaa ina sijda mbili. Kwa mwaka wa Kiislamu wa siku 354 ni sijda 12,036, mbali na sunna. Si ajabu ngozi ikaonyesha. Wala si ajabu isionyeshe, kwa sababu mambo mengine huingia hapo: ngozi ya mtu, uzito wa kichwa chake, namna anavyoteremka, na hasa anasujudu juu ya nini. Aliyekulia kwenye sakafu ya saruji au mkeka mkavu si sawa na aliyekulia kwenye zulia nene. Wako akina mama waliosali miaka 50 bila kuacha, nyumbani, juu ya msala laini, na paji halina kitu. Je, tuseme hawakusujudu?

Turudi kwenye aya. Wafasiri hawakuafikiana kuwa makusudio yake ni sugu. Imamu Tabari, aliyefariki mwaka 310 Hijria (923 Miladia), amekusanya kauli zao katika tafsiri yake. Kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) imepokewa kuwa ni mwenendo mzuri wa Muislamu na utulivu wake. Wengine wamesema ni nuru itakayokuwa katika nyuso zao Siku ya Kiyama. Said bin Jubayr na Ikrima wameieleza kuwa ni athari ya udongo na unyevu wa udhu. Mujahid, mwanafunzi mkubwa wa Ibn Abbas, alisema ni khushui. Aliyemsikiliza akamwambia kuwa yeye alidhani ni hii alama iliyo usoni. Mujahid akamjibu kwamba alama hiyo huenda ikawa baina ya macho ya mtu ambaye moyo wake ni mgumu kuliko wa Firauni. Tabari mwenyewe hakuifunga aya kwa maana moja wala kwa wakati mmoja, na hakuitoa athari ya wazi usoni katika hesabu. Kwa hiyo hatusemi kuwa aliyeifasiri kwa alama amezua. Tunasema kuwa aliyeifanya alama kuwa ndiyo maana peke yake, kisha akapimia watu kwayo, amekwenda mbali na wenye elimu.

Na tukitazama athari iliyothibiti usoni mwa Mtume (s.a.w.) mwenyewe, katika Bukhari na Muslim kuna hadithi ya Abu Said al-Khudri (r.a.) juu ya usiku wa Laylatul Qadr. Mvua ilinyesha, na paa la msikiti lilikuwa la makuti ya mtende, likavuja. Asubuhi ya mwezi 21 Ramadhani Abu Said akaona maji na tope kwenye paji la Mtume (s.a.w.). Tope hilo halikudumu, lilioshwa. Hatukukuta katika sifa zake (s.a.w.), ambazo Sahaba walizisimulia mpaka idadi ya mvi zake, kwamba alikuwa na sugu katika paji.

Wako Sahaba waliolichukia jambo hili waziwazi. Bayhaqi, aliyefariki mwaka 458 Hijria (1066 Miladia), amepokea katika Sunan yake kubwa kuwa Ibn Umar (r.a.) alimwona mtu mwenye alama hiyo, akamkumbusha kuwa yeye amesuhubiana na Mtume (s.a.w.), na Abu Bakr, na Umar, na Uthman, kisha akamwuliza iwapo anaona chochote hapa pake, yaani usoni. Abud Dardai (r.a.) alimwona mwanamke ambaye usoni mwake pana kitu mfano wa sugu ya goti la mbuzi, akamwambia kuwa lau kisingekuwapo ingekuwa kheri kwake. Na Saib bin Yazid (r.a.), katika Sahaba wa mwisho kufariki Madina, aliingiliwa na mtu wa nasaba tukufu, mjukuu wa Abdurrahman bin Auf, mwenye alama ya namna hiyo. Saib akasema mtu huyu ameuharibu uso wake, na akaapa kuwa hiyo siyo alama iliyotajwa na Allah, kwani yeye amesali miaka na miaka na sijda haikuacha kitu usoni mwake. Zingatieni kuwa hawa hawakuwa wavivu wa sala. Walikuwa wakisujudu juu ya changarawe za Madina katika joto lake.

Sasa tuje kwenye sehemu ya historia ambayo kwa maoni yetu ndiyo inayokata shauri. Waarabu wana lakabu, Dhu ath-Thafinat, maana yake mwenye sugu. Thafina ni ile sugu ya ngamia, magotini na kifuani, mahali anapogusa ardhi akipiga magoti. Lakabu hii imepewa watu watatu mashuhuri wa karne ya kwanza. Mmoja ni Ali bin Husein, Zaynul Abidin, mjukuu wa Imamu Ali na kitukuu cha Mtume (s.a.w.), aliyenusurika Karbala mwaka 61 Hijria (680 Miladia). Wa pili ni Ali mwana wa Abdallah bin Abbas, babu wa makhalifa wawili wa mwanzo wa Bani Abbas. Na wa tatu ni Abdallah bin Wahb ar-Rasibi, aliyechaguliwa kuwa kiongozi na wale waliojitenga na Imamu Ali baada ya Siffin, akauawa Nahrawan mwaka 38 Hijria (658 Miladia) akipigana na jeshi la Imamu Ali huyo huyo.

Tazama basi! Mjukuu wa Ali ana sugu, na aliyepigana na Ali ana sugu. Lau sugu ingekuwa hakimu, ingemhukumia yupi?

Katika riwaya ya Ibn Abbas alipotumwa kwenda kujadiliana na watu wa Harura, amesimulia kuwa aliwakuta watu ambao hajaona wenye bidii ya ibada kuwapita, mapaji yao yana vidonda kwa kusujudu na mikono yao kama sugu za ngamia. Wala hakuwacheka, na jambo hilo tunalipenda katika kisa hiki. Wala hakurudi kwa Imamu Ali akasema hawa ni mawalii, tuwaache. Aliketi nao, akawasikiliza hoja zao tatu, akazijibu moja moja kwa Qur'ani na Sunna, na riwaya inasema watu elfu mbili wakarejea. Waliobaki, miongoni mwao limo kundi lililomuua Abdallah bin Khabbab, mtoto wa Sahaba, pamoja na mwanamke wake aliyekuwa mja mzito, ilhali watu hao hao waliona haya kula tende iliyoanguka chini kwa sababu si yao. Ndugu zetu Maibadhi wa Oman na Zanzibar wanamheshimu ar-Rasibi kama imamu, na wana maelezo yao juu ya nani hasa aliyemwaga damu ile na kwamba si yeye. Hatukusudii kuufufua ugomvi huo hapa. Linalotuhusu ni kuwa pande zote zilikuwa na wenye sijida, na damu ikamwagika vilevile.

Jambo hili halikuishia karne ya kwanza. Wamisri huiita alama hiyo zabiba, kwa kufananisha na zabibu kavu, na tangu miaka ya 1970 ilienea huko hata ikawa kama vazi. Rais Anwar Sadat alikuwa nayo, ikionekana katika picha zake, na alipenda kuitwa Rais Muumini. Tarehe 6 Oktoba 1981 aliuawa na watu ambao nao walidai kuitetea dini. Husemwa pia kuwa wako wanaolisugua paji kwa jiwe au kwa kitu kikali ili liote upesi. Mwenye kufanya hivyo, hukumu yake haina utata: ni riyaa, na riyaa Mtume (s.a.w.) aliiita shirki ndogo. Tena ni kujipamba kwa kisichokuwa chako, na Mtume (s.a.w.) alimfananisha mtu wa namna hiyo na aliyevaa nguo mbili za uongo. Lakini nani ajuaye kuwa fulani amesugua? Hapo ndipo hatari ya pili ilipo. Kumdhania riyaa kila mwenye sijida ni dhambi pia, na kijana wa Mwandoya hatuna haki ya kumtuhumu hata kidogo. Wengi wameipata bila kuitaka, na wapo wanaoionea haya. Wala hatumshauri mwenye nayo akaiunguze kwa mkorogo, kwani dawa hizo zimeharibu nyuso nyingi.

Tuliwakumbusha waumini wa kule jambo ambalo wao wanalijua kuliko sisi. Katika nchi ya Wasukuma, kuhukumu kwa alama ya mwili si mchezo wa maneno. Bibi kizee mwenye macho mekundu amedhaniwa mchawi kwa sababu ya macho yake. Macho yale yameiva kwa moshi, kwani kuni ni adimu, na mwanamke hupikia samadi kavu ya ng'ombe na mabua kwa miaka 40 au 50 ndani ya jiko lisilo na dirisha. Takwimu za serikali za miaka 1970 hadi 1984 zilihesabu watu 3,693 waliouawa Tanzania Bara kwa imani za uchawi, na 2,286 kati yao walikuwa wanawake. Sehemu kubwa ilikuwa mikoa ya Usukumani, Mwanza na Shinyanga, na Meatu wakati huo ilikuwa ndani ya Shinyanga kabla ya mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012. Mauaji hayo hayakukoma mwaka 1984.

Huenda msomaji akaona tumechanganya mambo mawili, moja la ibada na jingine la jinai. Hatukuchanganya. Jicho limekuwa jekundu kwa moshi wa kila siku, na paji limekuwa jeusi kwa mkeka wa kila siku. Mwili umeandika kazi yake. Anayesoma uchawi katika jicho na anayesoma ucha Mungu katika paji wote wawili wamedai kuujua moyo kwa kutazama ngozi, ingawa wa kwanza kosa lake linaua. Na katika hadithi iliyomo Sahihi Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), tumefundishwa kuwa Allah hatazami miili yetu wala sura zetu, bali hutazama nyoyo na matendo. Muislamu anayeishi kule ana wajibu wa kuwa wa mwanzo kumlinda bibi yule, awe wa dini yake au asiwe. Atamlindaje, ikiwa yeye mwenyewe msikitini huchagua watu kwa madoa?

Basi mtu ajulikane kwa nini? Bayhaqi amepokea kisa cha Umar bin al-Khattab (r.a.) ambaye mbele yake aliletwa mtu kutoa ushahidi. Umar akasema simjui. Mwingine akadai anamjua kuwa ni mwadilifu. Umar akamwuliza: Je, ni jirani yako wa karibu, unajua kuingia kwake na kutoka kwake? Akasema la. Umefanya naye biashara ya dinari na dirhamu? Akasema la. Umesafiri naye? Akasema la. Umar akamwambia kuwa basi humjui, na katika baadhi ya riwaya aliongeza kuwa huenda alimwona tu msikitini akiinua kichwa na kukiinamisha. Watu wa Mwandoya hawakuhitaji tuwafasirie kisa hiki. Katika nchi ya pamba mtu hujulikana kwenye mizani, msimu wa kuuza, na kwenye deni baada ya msimu.

Ama hukumu ya uimamu, hadithi ya Abu Masud al-Ansari (r.a.) katika Sahihi Muslim imepanga: anayekijua zaidi Kitabu cha Allah, kisha anayeijua zaidi Sunna, kisha aliyetangulia kuhajiri, kisha umri. Mafakihi wetu wa Kishafii wamemtanguliza mwenye fiq-hi zaidi kuliko mwenye kisomo zaidi, na wengine wakafanya kinyume chake. Kwa njia zote mbili yule mtu mzima ndiye mwenye haki, na sijida haimo katika orodha ya mafakihi wowote tunaowajua. Kijana na asome kwake.

Wakatuuliza masuala mengine madogo yanayofungamana na hilo, nayo tunayaandika kwa faida ya wanafunzi. La kwanza, je, sugu huzuia maji ya udhu? Haizuii, kwani ni ngozi yenyewe wala si kitu kilichopakwa juu yake. Hailazimiki kuikwangua, inatosha maji yapite juu yake. La pili, ikipasuka na kuuma? Kwa Mashafii yatosha kuweka sehemu ya paji iliyo nzima, kwa kuwa kiwango cha chini ni sehemu ya paji wala si paji lote, na akiwa na kitambaa cha kidonda cha lazima, husujudu nacho. La tatu, je, kusali juu ya zulia laini kunapunguza thawabu? Mtume (s.a.w.) alisali juu ya khumra, nacho ni kijimkeka kidogo cha majani ya mtende, kama ilivyo katika hadithi ya Maimuna (r.a.). Na Anas bin Malik (r.a.) amesimulia siku Mtume (s.a.w.) alipoalikwa chakula na nyanya yake Mulayka, kisha akataka kuwasalisha. Anas akauendea mkeka wao ambao ulikuwa umekuwa mweusi kwa kutumika muda mrefu, akaunyunyizia maji, wakasali juu yake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

La nne ndilo lililowafurahisha zaidi. Waliuliza kichwa kikandamizwe kiasi gani, kwa sababu wako wanaolibamiza paji chini hata jirani yake asikie. Vitabu vya Kishafii vimeweka kipimo: uzito wa kichwa ushuke mahali pa sijda kiasi ambacho, lau chini yake pangekuwa na pamba, pamba hiyo ingebonyea na athari yake ikaonekana. Mafakihi hawakusema jiwe wala saruji. Mzee mmoja alitoka nje, akarudi na konzi ya pamba ambayo haijachambuliwa, mbegu zimo ndani, akaiweka juu ya mkeka, akawataka watoto wa madrasa wasujudu juu yake mmoja baada ya mwingine. Tuliwaonya tu kuwa hayo ni mafunzo, na kwamba katika sala yenyewe waiondoe pamba hiyo, maana mtoto wa tatu aliinuka nayo imemganda kwenye paji, na katika madhehebu yetu kitu kilichoganda kwenye paji lazima kiondolewe kabla ya sijda ya pili.

Wallahu aalam.